Jibu: Core i3-12100F au Ryzen 5 5600?
Mkuu, umeuliza uchukue prosesa ipi ya kompyuta ya magemu, utakayoiweka na kadi ya grafiki ya RX 6600. Kati ya i3-12100F ya Intel kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya H610 na Ryzen 5 5600 ya AMD kwenye mazabodi ya B450, mimi ningechukua Ryzen. Hiyo i3 ina koa (viini vya kuchakata kazi) 4 tu. Magemu mengi inayasukuma vizuri, ila ukifungua Discord (programu ya kuchati) na brauza pembeni itaanza kuhema. 5600 ina koa 6, tena inakuja na feni yake kwenye boksi.

Shida iko kwenye mazabodi. B450 zilitoka 2018, hiyo 5600 ikatoka 2022, kwa hiyo BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi) ikiwa ya zamani haiitambui. Yalinikuta: feni inazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Nusu siku nachomoa na kuchomeka RAM, kumbe ni BIOS! Ikabidi niazime Ryzen ya zamani ili niisasishe. Tafuta boksi lenye stika ya "Ryzen 5000 Desktop Ready", au muuzaji aiwashe mazabodi mbele yako na prosesa hiyohiyo. Bei zikikaribiana, beba mazabodi ya B550, ni mpya kuliko B450.

Halafu prosesa zote mbili hazina grafiki za ndani. Hiyo RX 6600 uliyosema inunue kwa mkupuo mmoja, la sivyo mashine itawaka bila picha.