Re: Machipukizi ya mianzi yakiisha, kima wa dhahabu wanapata wapi protini?

Salama mkuu. Umeuliza kima wa dhahabu wa Mgahinga, ile hifadhi ya taifa kule Uganda, wanawezaje kuishi na majani ya mianzi, na yale machipukizi yakiisha protini wanatoa wapi. Mimi huwa napandisha wageni upande huo, cha kwanza angalia wanachuma jani lipi, maana ukikaa nao utaona wanayaacha yaliyokomaa wanafuata yale machanga laini, hayo ndo yana protini zaidi na nyuzi kidogo, kwa hiyo ukiandika tu "majani" kwenye daftari umepoteza nusu ya habari.

Mvua zikishika, Machi mpaka Mei na tena kuanzia Septemba, machipukizi yanatoka ardhini na kima wanashuka kuyavunja, yana maji na protini aisee wanayapenda kweli. Kiangazi wanarudi kwenye majani, matunda yanawapa sukari, wadudu wanaziba pengo la protini na mafuta.

Ila msitu wa Gishwati kule Rwanda mianzi ni michache, kima ni haohao lakini matunda ndo yanashika nafasi kubwa, so usichanganye data za huko na za Mgahinga.

Wewe umewaangalia miezi gani?