Jibu: Wadudu wa hua aliyeokotwa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke

Ndugu, umeuliza kama wadudu wa yule hua uliyemwokota pembeni mwa msitu watawahamia kuku wako na watoto. Kwa sehemu kubwa, la.

Yule mdudu bapa aliyekimbia kimshazari ndani ya manyoya, kwa ulivyomweleza, ni inzi anayefyonza damu ya ndege wa jamii ya njiwa. Hatagi mayai. Buu hukulia tumboni mwa mama, mmoja mmoja, akazaliwa ameshakomaa, kisha hujifanyia ganda gumu kiotani au vumbini. Ndiye pia anayeeneza vimelea vya damu toka ndege hadi ndege. Kuku si chaguo lake la kawaida, ila kama unafuga njiwa hapo Malindi, banda lao ndilo la kuangalia.

Vile vyembamba vyeupe ni chawa. Hutafuna manyoya, na wakitenganishwa na ndege hufa baada ya siku chache. Baadhi hudandia huyo inzi kuhamia ndege mwingine, bodaboda ya bure! Chawa hao hawamtaki binadamu.

Kupe ndio ningewachunga. Wale wachanga hujishika karibu na macho na masikio, pasipofikiwa na mdomo wa ndege. Wang'oe taratibu kwa kibano. Mafuta ya taa usiguse kabisa. Nawa mikono.

Hua akiweza kuruka, mwachie. Akishindwa, waulize A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi pale Watamu, wao huvisha ndege pete za utambulisho miguuni na wamezoea kuwashika.