Matuta ya kuinuka kwa gharama ndogo: ninavyolima mboga kwenye mchanga wa Tabora

Ukiwa na elfu hamsini ya kuanzia bustani hapa Tabora, usiipeleke kwa wauza mbao. Ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayekuja kuangalia kipande changu na kuniuliza nilianzaje. Picha tunazoziona kwenye simu, za matuta yaliyozungushiwa mbao zilizonyooka, nyingi ni za nchi za baridi ambako ubao hukaa ardhini miaka. Kwetu kuna mchwa. Ubao laini ukiufukia mwezi wa kumi na moja, masika yakiisha unaugonga kwa kidole unasikia uwazi: nje ganda, ndani udongo. Mninga unastahimili mchwa, lakini mninga ni wa milango na vitanda. Bei yake haiendani na mchicha.

Wapo wanaopaka mbao oili chafu ya gari ili mchwa wasiguse. Kwenye tuta la mboga nakusihi usifanye hivyo. Oili ile imebeba mabaki ya metali kutoka kwenye injini, mvua inaichuja, inaingia kwenye udongo uleule unaolisha familia yako. Mataruma ya mbao, yale yanayolaliwa na reli, nayo ni hivyohivyo. Mji wetu ni wa reli tangu 1912, na taruma kuukuu ukilitazama linaonekana kama limeumbwa kwa ajili ya kuzungushia tuta, kwa uzito wake na unene wake. Lakini yale yaliyotiwa kreosoti ili yasioze ni sumu. Hata ukipewa bure, yasikaribie mboga.

Mimi kingo zangu ni za aina mbili. Ya kwanza ni vipande vya matofali ya kuchoma. Kwenye kila tanuru hubaki yaliyovunjika, na mwenye tanuru mara nyingi anafurahi ukimwondolea. Chagua yaliyoiva sawasawa, yale ambayo ukiyagonganisha yanalia. Yaliyoiva nusu yanayeyuka kwa mvua. Ya pili ni chupa za maji za lita moja na nusu, zilizojazwa mchanga, zikafungwa na kusimamishwa kichwa chini, theluthi moja ikiwa imefukiwa. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 lina mzunguko wa mita 8, kwa hiyo unahitaji chupa kama tisini hivi. Ukumbini asubuhi baada ya harusi unazipata zote kwa kuomba tu. Mchanga wa kuzijaza usiununue, utautoa hapohapo, nitaeleza.

Upana usizidi mita 1, kwa sababu unatakiwa kulifikia katikati ya tuta kutoka pande zote mbili bila kukanyaga. Udongo wa tuta usikanyagwe kabisa, hata na mtoto. Njia kati ya tuta na tuta iwe sentimita 50 au zaidi, toroli ipite.

Kabla sijafika kwenye udongo, niseme neno kuhusu ardhi yenyewe. Kipande ninacholima si changu. Mwenye eneo hajajenga, ametugawia watu kadhaa, kila mmoja na mpaka wake, kwa kodi ndogo ya mwaka. Najua wengi mnaosoma hapa mnalima hivyo, kwenye viwanja ambavyo havijajengwa au kando ya bonde. Andikishaneni, hata kama mwenye eneo ni shemeji yako. Karatasi moja, mashahidi wawili, na mwenyekiti wa mtaa ajue. Ndani yake yaandikwe mambo mawili ambayo watu huyasahau: kwamba akitaka kujenga atakupa muda wa kuvuna kilichopo, na kwamba udongo uliouleta ni wako, unaweza kuubeba. Nimeona mama mmoja akiambiwa aondoke ndani ya wiki, akaacha udongo alioulea kwa samadi ya misimu mingi. Kingo za chupa na matofali zinabebeka. Udongo nao unabebeka kwenye viroba, mradi kuna makubaliano.

Sasa udongo, maana hapa ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda. Sehemu kubwa ya ardhi ya mji wetu ni mchanga. Maji unamwaga yanapotea unayaangalia, na rutuba inashuka nayo chini ya mizizi. Ukiurundika mchanga huohuo juu na kuuita tuta, umetengeneza kitu kinachokauka haraka kuliko ardhi tambarare. Ndiyo maana watu wengi hujaribu matuta ya kuinuka mwezi wa saba, yanawashinda, wanasema njia hii haifai Tabora. Inafaa, ila ina masharti yake.

Mimi huanza kwa kuchimba. Natoa mchanga sentimita 25 hadi 30 kwenda chini, ukubwa wote wa tuta. Mchanga huo ndio unaojaza chupa, na unaobaki unatandazwa njiani. Chini kabisa ya shimo naweka vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, maana vinashika maji na vinaoza vizuri. Juu yake unarudi udongo mpya mpaka uzidi usawa wa ardhi kwa sentimita 15 au 20. Kwa hiyo tuta langu nusu liko chini na nusu liko juu. Mizizi inapata ubaridi wa chini, na mimi ninapata kingo.

Mchanganyiko wangu kwa toroli kumi ni huu: nne za udongo wa juu, tatu za samadi iliyoiva, mbili za udongo wa kichuguu, moja ya chenga za mkaa. Tuta la mita 1 kwa mita 3 hula takribani toroli kumi na tano hadi ishirini, kutegemea kina. Ni kazi, sikufichi. Lakini angalia vitu vyenyewe: fedha inatoka kwenye samadi na usafiri wake tu.

Samadi ya ng'ombe ikae miezi miwili au mitatu kwenye kivuli, igeuzwe, inyunyiziwe maji. Ikiiva haina joto ukiingiza mkono, haina harufu kali, na huwezi kutambua majani ndani yake. Ya mbuzi ni nzuri zaidi ila ipondwe kwanza. Ya kuku ina nguvu sana, iwe kidogo na iwe ya zamani, la sivyo inaunguza miche.

Udongo wa kichuguu wazee wetu waliujua kabla ya mabwana shamba. Mchwa wanapandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini na kuukusanya mahali pamoja, na mfinyanzi ndio hasa mchanga wetu unaoukosa: unashika maji na unashika chakula cha mmea. Chukua kwenye kichuguu kilichohamwa, uupondeponde mpaka uwe unga, uuchanganye vizuri. Ukizidisha, tuta litakuwa gumu kama sakafu.

Chenga za mkaa zinapatikana kwenye kila genge la mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia mkaa ukiisha. Usizitie kavu. Zenyewe hazina chakula, na zikiingia kavu zinakinyonya kilichopo. Ziloweke wiki mbili kwenye pipa lenye maji ya samadi, ndipo uzichanganye. Baada ya hapo zinakaa kwenye udongo miaka mingi zikishikilia rutuba isichujwe na mvua. Ni chenga za mkaa ninazozungumzia, si majivu. Majivu mkono mmoja mmoja yanatosha. Yakizidi udongo unakuwa na magadi.

Joto la kwetu linakula samadi haraka, kwa hiyo kila msimu unapoanza rudisha toroli moja au mbili kwa kila tuta. Asiyerudisha atavuna vizuri mara moja, halafu ataanza kulalamikia mbegu.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote ni hili: tuta lisiwe na umbo moja mwaka mzima. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Kiangazi, sehemu ya juu ya tuta iwe kama sahani, kingo juu kidogo na katikati pamebonyea, ili kila tone unalomwagilia libaki ndani. Mvua zikikaribia, mwishoni mwa Oktoba, chukua reki upandishe katikati pawe na mgongo, maji yatelemke pembeni, mizizi isizame. Kwa walio kwenye mbuga, ambako masika maji yanatuama, mgongo huo uwe mkubwa zaidi na shimo usichimbe kabisa. Kazi ya kubadili umbo kwa tuta moja ni ya muda mfupi wa asubuhi, na inaamua kama utakula mboga mwezi wa tisa, wakati fungu la sokoni limekuwa dogo na bei imepanda.

Maji piga hesabu mapema. Kiangazi mboga za majani zinahitaji lita 5 hadi 8 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la mita za mraba 3 ni ndoo moja ya lita 20, zaidi kidogo siku za joto kali. Kwa mwezi ni lita 600. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, kwa hiyo matuta matano ni kama uniti tatu. Linganisha na unachotumia kununua mboga, utajua matuta mangapi yanakufaa. Mimi namshauri anayeanza awe na mawili, ayatunze, kuliko sita yanayoshindania ndoo moja. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende bustanini. Ya sabuni ya unga yasiende.

Mwagilia alfajiri au jua likipungua, pole pole, kwenye shina badala ya majani. Usiamini rangi ya juu. Ingiza kidole, kama kina unyevu kwenye kiungo cha pili subiri kesho. Funika udongo kwa nyasi kavu, tabaka jembamba, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka kila shina. Nyasi zinawaita mchwa, ndiyo, lakini mchwa wakiwa na kikavu cha kula na mmea una maji ya kutosha, mara nyingi hawaugusi. Wanaoshambuliwa ni mimea yenye kiu.

Cha kupanda, anza na vinavyolipa haraka. Mchicha unang'oa au unakata ndani ya wiki tatu hadi nne. Chainizi wiki tano hivi. Sukuma wiki inachukua karibu miezi miwili ndipo uanze kuchuma, lakini ukiyatoa majani ya chini tu inakulisha miezi kadhaa. Matembele hayahitaji mbegu, omba vikonyo kwa jirani. Mgagani usiudharau, unavumilia jua letu kuliko kabichi yoyote. Kabichi mimi sipandi kwenye matuta: inakaa muda mrefu, inachukua nafasi, na sokoni si ghali. Acha mimea miwili mitatu ya mchicha iliyo mizuri itoe mbegu, hutanunua tena. Mbegu chotara usizitunze, hazizai zilivyokuwa.

Nyanya zina jambo lake hapa kwetu, kwa sababu huu ni mkoa wa tumbaku. Tumbaku, nyanya, pilipili, bilinganya na nyanya chungu ni ukoo mmoja, na magonjwa yao ni ya ukoo. Usichukue udongo kwenye shamba la zamani la tumbaku kwa ajili ya tuta la nyanya. Minyoo fundo inakaa humo, na mizizi ya nyanya itajaa vinundu. Virusi vya batobato vya tumbaku vinaishi hata kwenye jani lililokauka, kwa hiyo aliyetoka kufunga mitumba ya tumbaku, au anayevuta sigara, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Viroba vya mbolea vikioshwa vinaweza kubeba udongo. Makopo ya dawa za shambani kamwe yasiwe ya kumwagilia, hata yakioshwa. Na baada ya nyanya, tuta hilo lipande majani au kunde, usirudie ukoo huo.

Wadudu wengine si wa kutisha. Sota anakata miche usiku, mchimbue asubuhi pembeni ya shina lililoanguka, utamkuta amejikunja. Vidukari vinaoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo ya mche, au maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulala usiku mmoja. Kantangaze, kiwavi wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, ndiye mgumu. Ukiona majani ya nyanya yana michirizi kama karatasi iliyobabuka, yachume yote, uyafunge kwenye mfuko wa plastiki juani mpaka yaive. Usiyatupe kwenye mboji.

Kama unaanza sasa, anza na samadi, kwa sababu ndiyo inayohitaji muda. Wakati inaiva utakuwa umekusanya chupa, umechimba mashimo, umeongea na mwenye eneo. Panga tuta moja liwe la kunde: majani yake yakizidi wakati wa masika yachemshe, uyaanike, upate nsansa za kuweka. Zinapikwa na karanga mwezi wa nane, wakati ambapo tuta lenyewe limeshapandwa sukuma wiki.