Laptopu ikizimika, kodi mpya ya programu inapanda vilevile

Kaka, umeuliza kama ili kodi mpya ya programu ipande yenyewe kwenye seva kwa GitHub Actions, lazima laptopu ibaki imewaka au uwe na seva ya pili. Hapana, laptopu haihitaji kubaki imewaka, wala huhitaji seva ya pili. Ukishapushi (ukishatuma kodi yako) na GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi, ikapokea, kazi inafanyikia kwenye mashine zao. Umeme ukikatika Ngamiani dakika hiyo hiyo, toleo jipya linapanda kama kawaida. Ndivyo tunavyoendesha mfumo wa oda wa duka moja hapa Tanga.

Weka faili la YAML (faili la maandishi lenye maelekezo) ndani ya folda ya .github/workflows, uliambie lianze kila tawi kuu la kodi, main, likipokea mabadiliko. Liendeshe majaribio kwanza. Yakipita ndipo liingie kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuingia seva kwa mbali), livute kodi mpya na kuwasha programu upya. Ufunguo wa SSH weka kwenye Secrets (sehemu ya kutunzia siri) za repo, yaani hifadhi ya mradi wako GitHub, usiubandike ndani ya faili. Tena uwe ufunguo mpya, wa kazi hii tu, wa mtumiaji asiye root (msimamizi mwenye mamlaka yote): ukivuja unafuta mstari mmoja kwenye authorized_keys, faili la seva lenye orodha ya funguo zinazoruhusiwa, basi, na wewe hujajifungia nje. Wengi hawajisumbui na hili, shauri yao.

Repo ya wazi hailipiwi. Ya siri kwenye akaunti ya bure inapewa dakika 2,000 za kuendesha kazi hizi kwa mwezi, na kwa mradi wa saizi yako sidhani kama utazimaliza. Ila kama uko kwenye hosti ya kushea (seva moja mnayotumia wengi) isiyoruhusu SSH, itabidi upeleke mafaili kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili), na mabadiliko ya hifadhidata uyafanye kwa mkono.