Nadharia za utafiti wa muziki: anza na swali, majina yatafuata

Ndugu, umesema gitaa unalipiga vizuri ila somo la nadharia za utafiti wa muziki limekushinda: kila wiki jina jipya, na hujui utumie lipi kwenye tasnifu. Pole. Nami nilikwama hapo hapo muhula mzima, nikikariri tu.

Chukua wimbo mmoja unaoujua, halafu jiulize kila nadharia ingetaka kujua nini juu yake. Anayefuata uchambuzi wa muundo atahesabu mapigo na kuangalia sauti zinavyopangwa. Alan Merriam, mwanaanthropolojia wa muziki, mwaka 1964 alitaka tutazame mambo matatu kwa pamoja: dhana za watu kuhusu muziki, mienendo yao, na sauti yenyewe. Dhana huongoza mienendo, mienendo huzaa sauti, na sauti ikishasikika hurudi kuimarisha au kubadili dhana. Kwa hiyo yeye angekuuliza kwa nini wimbo huu watu wanauita mzuri, na nani anaruhusiwa kuuimba. Wimbo ni ule ule, swali ndilo limebadilika.

Gitaa lako usilifiche. Mantle Hood, mtafiti wa muziki wa jamii mbalimbali, alitetea mwaka 1960 kwamba mtafiti ajifunze kuupiga muziki anaouchunguza. Lakini vidole havitoshi kuwa ushahidi, andika kumbukumbu ya kila zoezi.

Na msimamizi akikuandikia pembeni “nadharia iko wapi?”, mara nyingi anamaanisha umesimulia wimbo bila kueleza kwa nini uko hivyo.