Kufunga siku 3 ili seli zijisafishe, na unatumia dawa za sukari

Dada, pole, ila naomba usianze huo mfungo wa maji tu wa siku 3 kabla hujaongea na daktari wako, maana ukiwa kwenye insulini au vile vidonge vya kushusha sukari halafu huli, sukari inaweza kushuka ghafla ukazimia, na hilo ndo linanitisha.

Sasa hiyo otofaji, yaani seli kujisafisha, unayoisikia kwenye video ni kitu cha kweli kabisa. Seli inazungushia utando protini zilizoharibika au mitokondria (vinu vya nishati vya seli) iliyochoka, kile kifuko kinaenda kuungana na lisosomu ambayo ndani ina asidi na vimeng'enya, vilivyomo vinameng'enywa mpaka zinabaki amino asidi, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, nazo seli inazitumia tena kujenga vipya. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata tuzo ya Nobel 2016 kwa kazi aliyoianza kwenye hamira, aliinyima chakula akaona vifuko vinajaa ndani ya masaa machache tu. Lakini hiyo ni hamira dada! Wanaokwambia otofaji "saa ya 16 inawaka", yaani ukishafunga masaa 16, hawajakupima, na hospitali zetu hazina kipimo cha kawaida cha hilo.

Halafu otofaji haisubiri ufunge, inaendelea kidogo kidogo muda wote hata ukiwa umeshiba, na mazoezi nayo yanaichochea. Tembea kwa haraka jioni, acha kula usiku wa manane, na dawa usiziguse bila daktari. Unatumia dawa gani kwani?