Gedan si "jedan": majina ya karate kwa mdomo wa Kiswahili

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia wiki hii. Jumapili binti yake wa miaka 13 alisimama mbele ya watahini kutafuta mkanda wa kijani. Kata yake, ule mfuatano wa mbinu, ilipita; kumite, pambano la wawili, ikapita. Walipofika kwenye mbinu za kutajwa kwa jina, mtahini akaita gedan, chini, mtoto akapeleka ngumi usoni. Akaita shuto-uchi, ambalo ni pigo, mtoto akaweka kinga. Akaita yoko-geri kekomi, teke la ubavu la kusukuma, mtoto akarusha keage, lile la kupandisha. Amerudi nyumbani na mkanda uleule. "Mwalimu," mama anasema, "mutoto anajua kupiga, lakini majina inamushinda."

Ujumbe huu umeniuma, maana makosa hayo matatu si ya mtoto mvivu. Kila moja lina chanzo chake, na kila moja linaondoka kwa wiki chache za kazi ya jioni. Sisi tunaofundisha ndio tuliozoea kugawa fotokopi ya majina themanini na kusema, "Shikeni haya kichwani kabla ya mtihani." Mtoto anayakariri kwa mpangilio wa karatasi. Mtahini akibadilisha mpangilio, mtoto hana pa kushika.

Tuanze na gedan. Karatasi nyingi zinazozunguka Lubumbashi zimeandikwa kwa Kifaransa, na mtoto anazisoma kwa mdomo wa shule. Kwa Kifaransa, g ikifuatwa na e inalainika, inakuwa sauti ileile ya j. Hapo gedan, yaani chini, na jodan, yaani juu, zinabaki zimetenganishwa na irabu moja tu, na katika ukumbi wa watoto arobaini irabu moja haisikiki. Chudan, katikati, inakuwa "shudan", jirani kabisa wa shodan, ngazi ya kwanza. Hachi, nane, inapoteza h yake na ch inalegea: inakuwa "ashi", na ashi ni mguu. Age ya age-uke, kinga inayopanda, inasomwa kama neno la Kifaransa la umri. Mtoto hajasahau kitu. Amejifunza majina mawili yanayofanana, ambayo kwa Kijapani hayafanani kiasi hicho.

Dawa tunayo mdomoni tayari. Kijapani kikiandikwa kwa herufi za Kilatini hufuata mpangilio unaoitwa kwa jina la mmisionari Mmarekani wa karne ya 19, James Curtis Hepburn, na mpangilio huo uko karibu sana na wetu. Irabu ni a, e, i, o, u zisizobadilika. Ch ni ya chai, sh ni ya shamba, g ni ya gari hata ikifuatwa na e, h inasikika kama ya hapa. Silabi karibu zote zinaishia kwa irabu. Kwa hiyo mwambie mtoto asome neno kama anavyosoma Kiswahili, na tayari amekaribia kuliko mwenzake wa Paris.

Pana mambo machache ya kuongeza. Tsu ni pigo moja: weka ulimi mahali pa t, kisha uachie s bila irabu katikati, si "tisu", wala si "su". I na u zikibanwa na konsonanti kavu kama k, s, t au ch, au zikiwa mwisho baada yake, humezwa: tsuki unaisikia kama "tski", ichi kama "ich", osu kama "os". Konsonanti ikiandikwa mara mbili, ishikilie kidogo kabla ya kuiachia: ip-pon, tet-tsui. Na gyaku ni silabi mbili, gya-ku, si tatu.

Kosa la pili, la shuto-uchi, ni la sikio. Sisi tunataja kitu kwanza, sifa baadaye: teke la mbele, kinga ya chini, ngumi ya kinyume. Mjapani anaanza na sifa, kitu chenyewe kinakuja mwisho. Mae ni mbele, geri ni teke: mae-geri. Sikio lililolelewa kwa Kiswahili linakamata kipande cha kwanza na mwili unaanza kwenda, wakati amri haijafika. Shuto maana yake ni mkono kama upanga, ukingo wa kiganja. Shuto-uke ni kinga, shuto-uchi ni pigo la shingoni. Aliyeondoka kwenye "shuto" amebahatisha.

Ndiyo maana wiki ya kwanza nashauri mtoto asifundishwe jina lolote zima. Apewe miisho sita peke yake: zuki, ngumi inayochoma, uchi, pigo la mkono, geri, teke, uke, kinga, barai, kufagia, dachi, namna ya kusimama. Kisha mchezo wa kusubiri: unaita jina polepole, hakuna anayesogea mpaka silabi ya mwisho itoke, halafu anafanya chochote cha jamii hiyo. Ukiita jina linaloishia na geri, teke lolote linakubaliwa. Wengi wanaona zoezi hili la kitoto mno na wanaliruka. Msiliruke, hapa ndipo sikio linapogeuzwa.

Mtoto mwenye macho atauliza mbona karatasi moja inasema tsuki na nyingine zuki, moja keri na nyingine geri. Ni neno lilelile. Likikaa peke yake au mwanzoni, linabaki kavu: tsuki, keri, tachi, harai. Likiunganishwa nyuma ya neno jingine, herufi ya kwanza mara nyingi inalainika: oi-zuki, mae-geri, kiba-dachi, gedan-barai. Usimpe sheria ya vitabuni. Mkumbushe kwamba yeye mwenyewe anasema mti mrefu lakini nyumba ndefu, ulimi mmoja lakini ndimi mbili. Uke na uchi zinaanza na irabu, hazina cha kulainisha, hazibadiliki. Na tahadhari moja kwa wakubwa: teke likitajwa peke yake ni keri. Neno geri likisimama peke yake Mjapani atasikia ugonjwa wa kuhara.

Baada ya miisho, vipande vya mbele, vitano kwa wiki, visizidi. Ukianza na mae, mbele, ushiro, nyuma, yoko, ubavu, mawashi, kuzungusha, na gyaku, kinyume, tayari mtoto ana mateke manne na ngumi moja bila kukariri jina lolote zima. Wiki inayofuata ongeza oi, kizami, age, soto na uchi ya ndani. Oi ni kufukuza: mguu unaoingia na mkono unaopiga ni wa upande mmoja. Gyaku, mkono unaopiga ni wa upande wa mguu wa nyuma. Kizami ni ya mkono wa mbele, bila kupiga hatua ya kubadilisha miguu. Namna za kusimama, zenkutsu na kokutsu, zisifundishwe kama majina mawili: kutsu ni kukunja, zen ni mbele, ko ni nyuma. Goti linalokunjwa zaidi limetajwa ndani ya jina, na uzito unafuata. Katika mtindo wa Shotokan, zenkutsu-dachi inaweka kama asilimia 60 mbele, kokutsu-dachi kama 70 nyuma. Kiba ni mpanda farasi, neko-ashi ni mguu wa paka. Kwa wiki sita utakuwa na vipande kama thelathini, na mtoto ataanza kuelewa majina ambayo hajawahi kufundishwa.

Hapo kosa la tatu linakufa lenyewe. Ke ya mwanzo inatoka kwenye kitendo cha kupiga teke. Age ni kupandisha, ileile ya age-uke, kigasha kinachopanda juu ya paji la uso. Komi ni kuingiza ndani, ileile ya fumikomi, kukanyaga hadi ndani. Kwa hiyo keage ni teke linalopanda na kurudi haraka kama fimbo, na kekomi ni teke linalosukumwa: goti linakuja kifuani, nyonga inageuka, ukingo wa wayo unaingia moja kwa moja. Binti aliyezoea kusikia "komi" katika fumikomi hawezi kuirusha juu.

Uchi inahitaji dakika zake. Watoto wetu watacheka wakiisikia mara ya kwanza. Usiwakemee, waeleze maana zake na uendelee. Kijapani kina uchi mbili zinazotamkwa sawa na kuandikwa tofauti: moja ni ndani, nyingine ni kupiga. Nafasi ndiyo inayoamua. Ikiwa mbele, kama uchi-uke, ni ndani. Ikiwa mwisho, kama uraken-uchi, ni pigo. Soto ni nje, na hapa kuna mtego wa mitindo. Katika Shotokan soto-uke inaanzia nje kuja ndani, na uchi-uke inatoka ndani kwenda nje. Katika Wado-ryu majina hayo yanakwenda kinyume. Mtoto akihamia dojo nyingine, yaani ukumbi mwingine wa mazoezi, aombe kuonyeshwa kwa mkono kabla ya kubishana kwa mdomo.

Yapo pia maneno yenye sura ya Kiswahili. Kata si kukata, ni umbo. Kumi ya kumite si kumi yetu, ni kushikamana, na te ni mkono. Yame, yaani acha, inasaidia: mwambie mtoto "yame, yameisha", hataisahau. Ni ya "shomen ni rei" ni "kwa", salamu kwa upande wa mbele, wala haihusiani na ni ya mbili.

Amri za salamu zenyewe, seiza (piga magoti ukae), mokuso (tulia ufumbe macho), rei (inama), kiritsu (simameni), hazisumbui, zinarudiwa kila siku. Ila ujue kwamba mtoto anafuata mpangilio, hasikii neno. Siku moja ita kiritsu kabla ya mokuso uone ni wangapi watasimama.

Hesabu ndiyo inayodharauliwa zaidi. Ichi, ni, san, shi, go, roku, shichi, hachi, ku, ju: kila mtoto wa wiki mbili anaziimba. Mtoe kwenye wimbo, umuulize shichi ni ngapi, ananyamaza. Shi, shichi na hachi zinagongana masikioni. Ziitwe peke yake, nje ya mstari. Shi inasikika sawa na neno la kifo, kwa hiyo mahali pengi nne inakuwa yon: kata ya nne ya Heian ni Heian Yondan, si "Shidan". Moja ya daraja ni sho: Heian Shodan. Dan ni ngazi, ileile iliyomo ndani ya jodan, chudan na gedan. Mikanda ya rangi inahesabiwa kwa kyu, kutoka kubwa kushuka hadi ikkyu, halafu dan inaanza kupanda. Na kihesabio cha mapigo kinabadilika kwa namba iliyo mbele yake: ippon, sanbon, gohon, yaani pigo moja, matatu, matano. Sisi tunaosema kitu kimoja, watu wawili, hatuna sababu ya kushangaa.

Anayetaka kushindana aongeze msamiati wa refa. Aka ni mwekundu, ao ni wa buluu, jogai ni kutoka nje ya uwanja. Katika sheria za shirikisho la dunia, WKF, yuko ni pointi 1 ya mkono, waza-ari ni 2 za teke la chudan, ippon ni 3 za teke la jodan au za mbinu safi kwa aliyeanguka. Kijana anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kupigana Kitwe au Ndola, Zambia, anakutana na Kiingereza na Kibemba. Kifaransa hakimsaidii pale. Neno la Kijapani ndilo yeye na refa wanaloshiriki, na asipolijua ataendelea kupiga baada ya yame na kuadhibiwa.

Sasa kazi ya jioni, nikimjibu mama. Dakika kumi zinatosha, kwenye lupango, yaani uani, hata umeme ukiwa umekatika. Chukua simu, rekodi sauti ya mwalimu au ya mkubwa mwenye matamshi safi akiita majina ishirini, akiacha sekunde nne kati ya jina na jina. Rekodi mara mbili kwa mpangilio tofauti, la sivyo mtoto atakariri rekodi. Mtoto asimame akitazama ukuta, apige kila jina analolisikia. Ukuta ni muhimu: katika mstari wa dojo macho yanamfuata aliye mbele, na mtoto anaweza kufika mkanda wa kijani kwa kunakili mgongo wa mwenzake. Jina aliloshindwa aandike kwenye kaye, yaani daftari, limekatwa vipande, kila kipande na maana yake kwa Kiswahili. Asiandike jina zima mara kumi, mkono utachoka na sikio halitapata kitu. Kesho yake aanze na aliyoyashindwa, kabla ya mapya. Siku tatu za mwisho kabla ya mtihani, hakuna neno jipya.

Na siku yenyewe asipolisikia jina, asibahatishe. Abaki kwenye yoi, msimamo wa kuwa tayari, mikono mbele, aseme kwa sauti inayofika: "Mo ichido onegaishimasu", tafadhali mara moja tena. Kisha asubiri mpaka silabi ya mwisho.